Mi Mwislamu, nichukue Diviniti S.5? Baba hataki hata kusikia

BintiWaMpakani
Salaam wakubwa kwa wadogo. Mi niko Busia upande wa Uganda, nimemaliza S.4 (kidato cha nne), nashukuru matokeo si mabaya. Historia na Uchumi nimeshaamua, shida ni somo la tatu. Shule niliyopata haina ticha wa dini ya Kiislamu kwa A-level, wanasema nichukue Diviniti, yaani somo la dini ya Kikristo, iwe HED (Historia, Uchumi, Diviniti). Baba kusikia tu akaniuliza "kwani unataka kuwa padri?", mama akacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu nina binamu yuko London, naye anasoma somo la dini lakini wao ni wanafalsafa, Plato, Kant, Aquinas, wanabishana kama Mungu yupo, mi nikifungua daftari la jirani naona Amosi, Hosea, Yeremia, Amosi tena. Naogopa vitu viwili, imani yangu, na kukariri Biblia miaka miwili nitoke hata kubishana sijui. Nataka kusomea sheria. Mliopita huko niambieni ukweli.

Mswahili_wa_Mbale
Dada usiogope, mi Mwislamu na nilifanya HLD (Historia, Fasihi, Diviniti). Mtihani haukuulizi unaamini nini. Unakuuliza nabii alisema nini, kwa nini alisema, na Mkristo wa Uganda leo afanye nini na hayo maneno. Nimeandika "Mkristo anapaswa" sijui mara elfu ngapi na Ijumaa niko msikitini safu ya kwanza. Palipokuwa pagumu ni Daudi, kwetu ni nabii, sasa unafika kwa Bathsheba na yule mume wake Uria anapelekwa vitani afe, nililala vibaya siku hiyo wallahi. Nikaenda kwa sheikh wetu, akaniambia andika wanavyosema wao, jua unavyosema wewe. Basi nikaendelea. Kinachoua ni kuandika, insha juu ya insha mpaka kidole kinaota sugu.

BodaMkweli
Mi nitasema tofauti na mnisamehe. Kama una kichwa cha hesabu chukua Hisabati, au Jiografia basi. Diviniti siyo falsafa, tusidanganyane, darasani kwetu ticha alikuwa anasoma noti sisi tunaandika, mwisho wa wiki daftari limejaa na hakuna aliyeuliza swali. Enzi zetu A ilikuwa pointi 6 kwa kila somo, masomo matatu 18, ukiongeza Jenero Pepa (mtihani wa maarifa ya jumla) na kompyuta, moja moja, inakuwa 20, sasa hizo 6 kwa nini uzitafute mahali pagumu? Mtaala wenyewe wameugusa juzi juzi, uliza shule kwanza. Kuhusu sheria, Makerere wana mtihani wao wa kuingia, ukifeli huo hata uwe na kombi ya malaika hawakuchukui.

Ticha_Mstaafu
BodaMkweli ssebo, pole kwa huyo ticha, lakini kosa ni lake siyo la Amosi.

Binti, wewe ni wa mpakani, gorogoro unalijua, ule mkebe wa kupimia nafaka. Umeshaona mkebe uliogongwa chini mpaka kitako kikaingia ndani? Mteja anaona umejaa, akifika nyumbani mahindi yamepungua. Sasa Amosi karne ya nane kabla ya Kristo analalamikia kitu hicho hicho, wafanyabiashara wanapunguza kipimo, wanachezea mizani, wanangoja sabato iishe wafungue duka. Na hakuwa padri! Alikuwa mchunga kondoo wa Tekoa, ametoka kusini ameingia ufalme wa kaskazini wakati wa Yeroboamu wa pili, pesa ziko nyingi, kuhani Amazia anamfukuza, rudi kwenu ukale mkate huko. Niliwauliza wanafunzi, ibada ya mtu mwenye mkebe uliogongwa inapokelewa? Darasa lilibishana mpaka kengele ya chakula ikapigwa hakuna aliyekimbilia posho. Hiyo siyo falsafa? Huyo Kant wa binamu yako angekaa hapo hapo.

Na wasikutishe na Plato. Hapa Makerere miaka ya 60 na 70 mwanzoni alifundisha John Mbiti, Mkenya, akaandika juu ya dini za Kiafrika, na Okot p'Bitek, yule mshairi wa Gulu, akawashambulia yeye na wenzake kwamba wanavalisha miungu yetu nguo za Kigiriki. Msome huo ugomvi hata kama hauko kwenye silabasi, halafu mpigie binamu simu.

Ila Mbale hajakosea, mkono utauma. Na usichukue kwa sababu shule imekosa ticha mwingine, chukua kama unapenda ubishi.

BintiWaMpakani
Asanteni sana, ubishi napenda, nyumbani wanajua. Lakini mwalimu umenimaliza banange, baba ana kibanda cha nafaka sokoni 😂 nimetoka hapo sasa hivi nimeangalia kitako cha gorogoro kwa kuibia. Kimeingia ndani kidogo. Anasema lilianguka.

Mswahili_wa_Mbale
Hahaha jamani. Chukua Jiografia dada.