Waliowahi kufundisha Kiswahili Marekani kwa mwaka mmoja, tupeane uzoefu

Mwana Pangani
Wadau, habari za jioni. Leo nimemsindikiza mdogo wangu ubalozini kwenye usaili wa viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana. Amepata ile nafasi ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, ya walimu wasaidizi wa lugha. Kukaa pale nje kumsubiri kumenirudisha mbali sana. Vijana wote waliokuwa kwenye foleni wanaulizana habari za posho na chuo. Hakuna anayeuliza utakula nini, utasafirije, na utafanyaje siku ukiamka na hutaki kuongea na mtu yeyote.

Naanza mimi, nilikuwa Ohio. Kila mtu atakuambia habari ya baridi, ila giza halitajwi. Ikifika Desemba, saa kumi na moja jioni na dakika chache jua limezama. Unaingia darasani mchana, unatoka usiku. Halafu ile sikukuu yao ya Alhamisi ya nne ya Novemba: mgahawa wa chuo unafungwa, mabasi ya mji hayapiti, chumba cha jirani hakina mtu. Nunueni chakula mapema. Waliopita huko, mwageni hapa.

Mtulivu wa Machakos
Giza ni kweli kabisa.

Mimi nilikuwa Madison, Wisconsin. Pale chuo kiko kando ya Ziwa Mendota, na ziwa lenyewe linaganda lote. Watu wanatembea juu yake, wengine wanatoboa tundu wanakaa na ndoano kuvua samaki. Wanafunzi wangu walinishika mkono wakanipeleka mpaka katikati. Barafu huunguruma, jameni. Inanguruma kutoka chini kama radi iliyofukiwa, na wao wanacheka tu.

Ushauri wangu: koti usinunue Gikomba. Yale si ya baridi ile. Fika nalo jepesi, nunua zito huko huko kwenye maduka ya mitumba yao.

Kishumundu
Mtulivu, usiwatie watu hasara. Mimi nilinunua langu soko la Karume na likanifaa mwaka mzima.

Mtulivu wa Machakos
Ulikuwa wapi?

Kishumundu
Gainesville, Florida.

Mtulivu wa Machakos
Sasa ndugu yangu!

Sembe Tupu
Mnazungumzia makoti, mtu anakufa kwa kukosa ugali. Madukani kuna ule unga wa Wameksiko wa kutengenezea chapati zao, usinunue. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ukisonga unanata na harufu si yenyewe. Tafuta unga mweupe wa mahindi wa kawaida.

Mama Wawili
Huo mweupe nao ni wa chenga, ugali unakuwa kama mchanga. Mimi niliula huo wa Wameksiko mwaka mzima na nikanenepa. Mboga ndiyo isiwape shida. Nilikuwa Georgia, sukuma wiki imejaa kila duka, wazee wa kule Kusini wanaipika na nyama kama sisi.

Sembe Tupu
Na nyama gani? Waambie kabisa, maana wenzetu wengine hawali nguruwe.

Ngamiani
Nilikuwa nasoma kimya kimya. Ila hilo la siku ukiamka hutaki kuongea na mtu limenifanya niandike.

Nilikuwa jimbo la Iowa. Muhula wa pili ndiyo kwanza umeanza, Januari, theluji imefika magotini. Niko darasani asubuhi tunafanya ngeli, simu ikatetemeka mezani. Kaka yangu. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Kaka hana tabia ya kupiga mara mbili. Nikatoka kwenye korido, na kabla hajasema neno nikasikia kilio cha shangazi nyuma yake. Baba alikuwa amefariki wakati wa magharibi, nyumbani Tanga.

Waislamu wenzangu mnajua. Mazishi kesho yake baada ya adhuhuri. Kutoka nilipokuwa mpaka Tanga, ndege kisha basi la kutoka Dar, ni zaidi ya siku nzima hata kama tiketi unayo mkononi, nami sikuwa na hela ya tiketi. Na fomu yangu ya DS-2019, ile inayoambatana na viza ya J-1, haikuwa na sahihi ya safari. Ukitoka bila sahihi ile, unaweza kukwama kurudi. Mtu wa kusaini alikuwa likizo.

Wakati wa baridi Iowa iko nyuma ya Tanga kwa saa tisa. Kwa hiyo wao wakiwa saa saba mchana, mimi nilikuwa saa kumi alfajiri, nimekaa sakafuni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, natazama baba yangu akitolewa mlangoni. Mpwa wangu ndiye aliyeshika simu, analia, mkono unamtetemeka. Mara naona miguu ya watu, mara mbingu, mara jeneza na kile kitambaa cha kijani. Walipofika makaburini mtandao ukakatika. Sikuona akishushwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mji ule kuna kina mama wa Kikongo, watu wa Kivu, walipelekwa kule kama wakimbizi. Tulikuwa tunakutana duka la vyakula vya Kiafrika, tunasalimiana, basi. Sijui nani aliwaambia. Jioni nikasikia mlango unagongwa, wamekuja na masufuria: sombe (kisamvu chao), fufu, samaki. Wakasukuma viti ukutani, wakakaa chini na mimi. Mmoja akanikumbatia: "Mama, lia. Baba yako ni baba yetu." Wakaimba nyimbo zao za kanisani mpaka usiku mkubwa, mimi na mtandio wangu katikati yao. Wiki ile hawakuniacha nilale peke yangu. Walikuwa wanapokezana, na baadhi yao walikuwa wanatoka moja kwa moja kazini, zamu ya usiku, kiwanda cha nyama.

Mama Wawili
Pole sana mdogo wangu. Nimelia hapa ofisini.

Mtulivu wa Machakos
Pole dadangu. Hao akina mama Mungu awabariki.

Mwenye Kanzu
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole dada. Ila nyimbo za kanisani kwenye msiba wa Muislamu, hapo ungewaomba kwa upole wanyamaze.

Kishumundu
Wewe ulimpelekea hata kikombe cha uji?

Mwenye Kanzu
Nimesema kwa adabu, nijibiwe kwa adabu.

Ngamiani
Msigombane kwa ajili yangu. Ijumaa yake niliombewa dua msikitini. Iowa ina Waislamu wa siku nyingi, pale Cedar Rapids kuna msikiti uliojengwa mwaka 1934. Dini haikunipungukia. Wale mama sikuwazuia, na hata leo nisingewazuia.

Mwenye Kanzu
Nimekuelewa dada. Allah amrehemu mzee.

Karani
Wanaokwenda, shikeni hili la dada: sahihi ya safari kwenye DS-2019 iombeni wiki ileile mnayofika, hata kama huna mpango wa kwenda popote. Na nakala ya fomu iwe kwenye simu. Pia mwezi wa nne kuna kodi, asiyekuwa na mapato naye anajaza fomu 8843.

Jicho la Mbali
Mnahangaika na sahihi za nini? Ukishafika, umefika. Usirudi.

Karani
Usipotoshe watoto wa watu. Wengi wa mpango huu wanafungwa na sheria ya kurudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi au viza ya kazi ya H. Na ukitoroka unamfungia mlango anayekuja nyuma yako.

Jicho la Mbali
Ninao wawili nawafahamu wako huko na nyumba zao.

Karani
Na wameshindwa kuja kuzika. Soma hapo juu.

Kishumundu
Turudi kwenye safari. Likizo ya Machi pandeni treni ya Chicago kwenda magharibi, ile inayovuka Mississippi pale Burlington. Mimi niliishia Denver. Unalala kwenye kiti, unaamka milima iko mbele yako. Ila kumbukeni Jumapili ya pili ya Machi saa zinasogezwa mbele, na treni haimsubiri mtu.

Mwana Pangani
Ngamiani, pole sana dada yangu. Nimemsomea mdogo wangu yote, sahihi ameiandika ya kwanza kwenye daftari. Sasa anauliza, unga abebe au asibebe?

Sembe Tupu
Abebe kilo mbili, na autangaze forodhani. Nyama asijaribu.

Mama Wawili
Asibebe. Nafasi hiyo aweke khanga, wanafunzi watazigombania.

Sembe Tupu
Khanga hailiwi, mama.