Naomba ushauri: taa ya ofisini huzimika nikiwa ndani

Karani Mpole: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ofisi yangu ina swichi ya ukutani inayowasha taa mtu anapoingia na kuizima isipohisi mwendo. Nikizama katika hesabu, giza huniangukia kila baada ya dakika 15, nami hubaki kupunga mikono kama anayefukuza nyuki. Je, nikiweka feni ndogo mezani na kuifunga vipande vya karatasi, swichi itahadaika?

Fundi Waya: Sidhani. Swichi nyingi za aina hiyo huhisi joto la mwili linapohama kutoka eneo moja la lenzi kwenda jingine, kwa hiyo karatasi yenye joto sawa na la chumba kwao ni kama haipo. Chini ya kifuniko mara nyingi huwa na kirekebisho cha muda. Mwombe msimamizi wa jengo akuongezee hadi dakika 30. Kati yako na swichi kuna nini?

Mama Pacha: Afadhali wewe! Mimi ilinizimikia msalani, mlango umefungwa, nikalazimika kurusha kiatu juu ya mlango ili taa irudi. Kiatu kilirudi baadaye, kikiwa mkononi mwa bosi.

Mzee Kifimbo: Vijana, umeme si wa kuchezea. Inuka, utembee kidogo.

Karani Mpole: Fundi, hakuna kitu cha maana.

Fundi Waya: Hakuna kitu, au hakuna cha maana?

Karani Mpole: Kuna kabati la mafaili. Nililisogeza mwenyewe mwezi uliopita, kwa kuwa mlango wangu una kioo na kila apitaye huchungulia ninachokifanya. Siwezi kulirudisha, na feni nimekwisha kuinunua.

Mama Pacha: Basi tafuta kabati la kioo.

Fundi Waya: Kioo nacho huzuia joto hilo, dada yangu.

Chunguachungua: Mimi nauona uzi huu ni wa kutunga. Ikiwa kabati limeiziba swichi, taa huwakaje anapoingia, na mikono anayoipunga huonwa na nani?

Karani Mpole: Swichi iko kando ya mlango, hivyo nikiingia napita mbele yake. Kuhusu mikono, ukweli ni kwamba huinuka kwanza, nikasimama pembeni mwa kabati ndipo nikapunga. Niliona aibu kueleza yote.

Mzee Kifimbo: Kumbe unatembea! Ndilo nililolisema.

Fundi Waya: Rudisha kabati mahali pake, kisha ubandike karatasi ya ukungu kwenye kioo cha mlango. Kama hutaki, omba kihisi cha pili kifungwe darini juu ya meza yako, lakini hapo itabidi ueleze kwa nini cha kwanza hakikuoni.

Karani Mpole: Nashukuru, Fundi. Hiyo karatasi ya ukungu nitaiulizia. Kwa leo naomba kwanza niijaribu feni.

Chunguachungua: Naam, sasa nimeamini kwamba mtu huyu yupo.