Soketi za simu ya mezani ziko ukutani: naweza kuzigeuza za intaneti?

MgeniWaNyaya
Wakuu, salaam. Nyumba ina soketi za simu ya mezani sebuleni na katika vyumba vinne. Simu haitumiki tena. Intaneti inaingia kwa faiba na ruta iko sebuleni. Wi-Fi ya vyumba vya nyuma ni ya kubahatisha. Nimefungua soketi ya chumba kimoja nikakuta kebo ya kijivu yenye nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, ila zilizofungwa kwenye skrubu ni mbili tu: bluu na nyeupe yenye mstari wa bluu. Sita zimeviringishwa kwenye ganda. Kisanduku cha sebuleni kinaingiza kebo mbili. Stoo kuna boksi linalokutanisha kebo nne za ndani na moja inayotoka nje. Nikibadilisha soketi tu nitapata gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde), au nipitishe kebo mpya?

FundiJozi
Kebo mpya huenda usihitaji hata moja, lakini kubadilisha soketi peke yake hakutafanya kitu. Shida ya nyaya za simu ni jinsi zilivyounganishwa.

Anza kwa kusoma maandishi kwenye ganda. Ukiona CAT5E au CAT6 (madaraja ya kebo za mtandao), gigabiti unayo hadi mita 100. CAT5 ya zamani nayo kwa kawaida hubeba gigabiti kwenye umbali wa nyumbani. CAT3 ilipimwa kwa megabiti 10 kwa sekunde, usiijengee matumaini. Na wanaokuta nyaya nne zisizosokotwa (nyekundu, kijani, nyeusi, njano) waziache zilivyo.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha kabisa ile kebo ya nje pale stoo na uzibe ncha zake. Laini hai ya simu ina takriban volti 48 DC, na inapoita hupanda hadi karibu volti 90 AC. Huduma kukatwa si hakikisho kwamba waya hauna umeme, na volti za kuitia zikiingia kwenye swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo nyingi) zinaweza kuua mlango wake.

Sasa stoo. Utakuta bluu zote zimefungwa pamoja na nyeupe-bluu zote pamoja. Kwa simu ni sawa, kwa sababu simu zote husikiliza laini moja. Mtandao hautaki hivyo: kila kebo ina ncha mbili na kila ncha ina kifaa kimoja. Kwa hiyo vunja maungio yote.

Kutambua kebo ipi inaenda wapi huhitaji kifaa cha gharama. Chumbani, gusisha bluu na nyeupe-bluu ziwe pamoja, kisha stoo pima kila kebo kwa maltimita upande wa omu. Itakayosoma ndiyo yenyewe. Hata urefu unaupata: kwa waya wa 24AWG (kipimo cha unene), mita 30 za kebo husoma kama omu 5 kwenda na kurudi. Ukisoma 20 kwenye nyumba ya kawaida, kuna ungio bovu au waya umekatika nusu mahali fulani.

Kwa maelezo yako, kebo tatu za stoo zinaenda vyumbani moja kwa moja, ya nne inaenda sebuleni, na pale sebuleni inaanza nyingine ya kwenda chumba cha nne. Thibitisha kwa kipimo hicho. Ikiwa ndivyo, una bahati: weka sebuleni soketi ya milango miwili, kila kebo na mlango wake, na zote mbili zichomekwe kwenye milango ya LAN ya ruta, yaani ya vifaa vya ndani. Mlango wa WAN, wa kuingizia intaneti, uachie faiba. Stoo weka swichi ya gigabiti yenye milango mitano: mmoja wa sebuleni, mitatu ya vyumba, mmoja wa akiba.

Kisoketi45
Naongezea kwenye kufunga, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Kata ncha ya zamani yote. Zile nyaya sita zilizoviringishwa mara nyingi zina mikato midogo ya kisu. Baki na kama sentimita 15 za kebo nje ya ukuta kama urefu unaruhusu. Menya ganda kidogo tu, na usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya waya kuingia kwenye meno ya soketi.

Tumia soketi za RJ45 (za kebo ya mtandao) za kupigilia na kisukumio chake, makali ya kukata yakitazama nje. Bisibisi itapanua meno na mguso utalegea baada ya miezi. Usikrimpu (usibane) plagi moja kwa moja kwenye kebo ya ukutani: waya wake ni mgumu, na ukikunjwa kila siku unakatika.

Mpangilio wa rangi uitwao T568B, pini 1 hadi 8: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwenye soketi fuata rangi zilizochapwa ubavuni, upande wa B, wala usihesabu pini kwa macho. Meno ya ndani hayajapangwa kwa mfuatano wa pini. Mpangilio mwingine, T568A, nao ni sawa, mradi ncha zote mbili zifanane.

MgeniWaNyaya
Asanteni sana wakuu. Ganda linasema CAT5E 4PR 24AWG. Vipimo vimekubali kama FundiJozi alivyosema, kebo ya chumba cha nne inaanzia sebuleni kweli. Tatizo: stoo haina umeme. Siwezi kuziunganisha tu zile nne pamoja bila swichi?

FundiJozi
Huwezi. Unaweza kuunganisha mbili tu, yaani ya sebuleni na ya chumba kimoja, jozi kwa jozi, ikawa kebo moja ndefu. Vyumba viwili vingine vitabaki bila kitu.

Dawa ni swichi inayokubali kupokea umeme kupitia kebo ya mtandao (PoE). Sebuleni unaweka kichomeka-umeme (kifaa kinachoingiza umeme kwenye kebo ya mtandao) cha gigabiti cha 802.3af, kiwango cha PoE, kati ya ruta na soketi. Chanzo cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4, kinachofika upande wa pili kinahesabiwa wati 12.95, na swichi ndogo inatosheka na chini ya hapo. Soma vizuri kabla ya kununua: swichi nyingi zilizoandikwa PoE hutoa umeme tu, hazipokei. Epuka pia vichomeka-umeme vya volti 24 vinavyotoa umeme bila kuulizana na kifaa kwanza.

Kisoketi45
Ukimaliza, usiridhike na taa za testa. Ile ya bei ndogo huona kama waya umefika, haioni kama jozi zimechanganywa. Ukipanga rangi 1-2, 3-4, 5-6, 7-8 taa zote nane zitawaka vizuri, ila pini 3 na 6 zitakuwa zimetoka kwenye misokoto miwili tofauti, kelele haifutiki, na mtandao utakuwa unakatika-katika.

Angalia kasi ya muunganisho kwenye kompyuta. Ikisoma 100 badala ya 1000, shuku pini 4, 5, 7 na 8, yaani bluu na kahawia: megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu, chungwa na kijani, ndiyo maana inaendelea kufanya kazi. Pigilia upya ncha zote mbili kabla ya kulaumu kebo. Halafu nakili faili kubwa kati ya kompyuta mbili: gigabiti nzuri hutoa kama megabaiti 110 kwa sekunde, muunganisho wa 100 hauvuki 12.

Mpitanjia_LAN
Kwa wasomaji wengine wenye CAT3: zipo adapta za G.hn (teknolojia ya kupitisha mtandao kwenye nyaya zilizopo) zinazotumia jozi moja ya simu, zitawapa kasi kubwa kuliko ukaidi wa kulazimisha RJ45. Kama kebo iko ndani ya bomba, ifungeni kebo mpya kwenye ncha ya ile kuukuu na kuivuta. Kama imepigiliwa klipu ndani ya ukuta haitavutika. Na ambao intaneti yao bado ni ya DSL (inayokuja kwa waya wa simu), msivunje jozi inayolisha modemu.