Kiwi nyeusi kwenye kapeti la manyoya: mafuta ya taa, spiriti au sabuni ya vyombo?

Mama Wawili, Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kazini Mtumba nimefika nyumbani nakuta kitinda mimba wangu wa miaka mitatu kakaa katikati ya sebule na kopo la kiwi la baba yake. Kandambili zake kazipaka vizuri kabisa, kilichobaki kakimalizia kwenye kapeti. Kapeti la manyoya, rangi ya maziwa. (Najua, kununua kapeti la rangi hiyo Dodoma na vumbi letu hili ni kujitakia. Mniache.)

Madoa ni matatu: moja kama kisahani cha chai, mawili madogo. Dada wa nyumbani akaona anisaidie, akasugua kwa brashi na maji ya sabuni ya unga, lile kubwa likazidi kukua.

Majirani wameshanichanganya. Mmoja kasema mafuta ya taa, mwingine spiriti, wa tatu sabuni ya vyombo na siki. Baba watoto yeye anataka pasi na karatasi, eti nta itapanda yenyewe. Naomba majibu ya mtu aliyefanya kwa mkono wake, si aliyesikia. Mama mkwe anaingia Jumamosi kutoka Kondoa.

Mzee wa Gwaride

Pole mwanangu. Mimi nimeng'arisha buti karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo hiyo kiwi naijua.

Kwanza brashi iwekwe kando. Kiwi ya kopo ni nta iliyolainishwa kwa kimiminika cha jamii ya tapentaini, ndani yake wameweka rangi. Nta na maji hawaelewani. Ukisugua kwa maji unaihamisha tu kutoka unyoya huu kwenda ule. Chukua kijiko, kwangua kavukavu, ukianzia pembeni mwa doa kuja katikati. Ikiwa laini inakukimbia, weka juu yake chupa ya maji yaliyoganda kama dakika kumi, nta itakakamaa na kukatika vipande. Nusu ya kazi ni hapo.

Kisha mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa cheupe, unabonyeza na kuinua. Kambini tulitoa hivyo kwenye sare.

Binti Kondoa

Shikamoo mzee. Mafuta ya taa yanatoa, sibishi, ila sare unaifua na kuianika, kapeti utalianika wapi? Mimi nilifanya mwaka juzi nikiwa Nkuhungu. Doa lilitoka siku hiyohiyo, nikatangaza mpaka kwa majirani. Baada ya wiki mbili pakatokea duara la kahawia kubwa kuliko doa lenyewe. Mafuta yalibaki chini kwenye shina la manyoya, kila vumbi lililopita likanasa hapo. Na harufu! Hata ugali ulinukia kibatari.

Spiriti ya duka la dawa inafanya kazi ileile na inakauka bila kubaki. Ila chukua isiyo na rangi. Ile ya zambarau itakuachia doa lake yenyewe.

Mzee wa Gwaride

Marahaba. Hilo la kuanika umenishinda.

Kijana wa UDOM

Petroli. Dakika moja tu, haibaki harufu, haibaki doa. Rumeti wangu alifanya hosteli.

Fundi Makochi, Chang'ombe

Dogo, usimwambie mtu mwenye watoto hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa la jirani, na unawaka hata kukiwa na baridi. Spiriti nayo inashika moto, kwa hiyo madirisha wazi, jiko nje, na unalowanisha kitambaa, humwagii kapeti.

Dada Mama Wawili, nashinda na makochi na makapeti, nikueleze kwa kirefu. Kabla ya dawa yoyote jua kapeti lako ni la nini. Chomoa unyoya mmoja pembeni, uchome kwa kiberiti ukiwa nje. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, hilo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, ni la kiwandani, na mengi ya manyoya yanayouzwa mjini hapa ni hayo.

Kwa nini nauliza? Kwa sababu ya ile pasi ya baba watoto. Nta kweli inapanda kwenye karatasi, mbinu hiyo ni nzuri kwa mshumaa kwenye kitambaa cha pamba. Lakini polipropilini, ile plastiki ya nyuzi za mengi ya makapeti hayo ya kiwandani, inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na pasi ukiiweka kwenye alama ya pamba inafika 200. Nimeshaletewa kapeti lina umbo la pasi katikati, manyoya yamegandana kama plastiki iliyochomwa. Doa lina dawa, lile halina. Tena joto likiyeyusha nta, rangi nayo inashuka chini zaidi.

Rimuva ya kucha pia usiguse. Inayeyusha baadhi ya nyuzi na inaweza kulegeza gundi ya mgongoni.

Sasa ulinganisho wako. Sabuni ya vyombo peke yake kwa kiwi ya kopo ni dhaifu, inatoa utando wa juu tu. Kama ingekuwa kiwi ya maji, ile ya chupa yenye sponji kichwani, ningekwambia anza na sabuni. Yako ni ya kopo, kwa hiyo spiriti mbele, sabuni nyuma. Spiriti inalegeza, sabuni inaondoa kilicholegea. Watu wengi wanaishia kwenye spiriti, wakiona kivuli wanasema imeshindikana.

Na maji yetu haya ya visima mnayajua, chumvi tupu, sabuni haitoi povu na inaacha utando mweupe. Tumia ya mvua kama unayo, au ya kununua, huhitaji zaidi ya lita moja. Siki kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ni ya kusuuzia, inaondoa ule utando. Kiwi haiigusi.

Mpangaji wa Area D

Au peleka kwa waoshaji mmalize. Ingawa mimi nilipeleka kwa jamaa fulani, wakalipiga maji ya presha na sabuni ya unga, wakanirudishia baada ya siku nne likinuka uvundo, doa likiwa limenawiri. Elfu ishirini yangu ikaenda.

Fundi Makochi, Chang'ombe

Waulize kwanza doa la nta wanalitoaje. Akikujibu "tunafua tu", beba kapeti lako urudi nalo.

Binti Kondoa

Na jiki isahauliwe moja kwa moja. Sufu inaliwa, la kiwandani linaweza kubaki na umanjano. Zaidi ya hapo, mtu ameshika siki mkono mmoja, akaongeza jiki mkono wa pili, hapo anatengeneza gesi ya sumu sebuleni kwake.

Mama Wawili, Ilazo

Nimerudi. Unyoya uliacha kishanga, kwa hiyo ni la kiwandani, na baba watoto amezima pasi.

Madoa madogo nikayafanya ya majaribio. La kwanza mafuta ya taa, la pili spiriti, yote baada ya kukwangua. Mafuta ya taa yaliwahi zaidi, mzee hakukosea: mabonyezo matano hivi na nyeusi yote iko kwenye kitambaa. Spiriti ilinichukua karibu nusu saa, na vitambaa vinne, maana ukirudia upande uleule unarudisha uchafu. Lakini asubuhi pa spiriti palikuwa pakavu, laini. Pa mafuta panateleza nikipitisha kidole, nimepaosha kwa sabuni ya vyombo mara tatu bado panateleza.

Kwa hiyo lile kubwa nimelitoa kwa barafu, kijiko, spiriti, sabuni, halafu siki ya kusuuzia, nikaweka taulo kavu na ndoo ya maji juu yake usiku kucha linyonye. Nyeusi imeondoka. Pale dada aliposugua kwa brashi kumebaki kivuli cha kijivu kama moshi, na manyoya yamesimama vibaya.

Fundi Makochi, Chang'ombe

Hapo rangi imezama. Rudia spiriti kesho, si leo, acha pakauke kabisa kwanza. Kitapungua, ila usitegemee kiishe. Manyoya yachane na kitana cha meno mapana yakiwa na unyevunyevu. Na pale panapoteleza nyunyiza unga wa mahindi, uache usiku kucha, kisha fagia.

Mama Wawili, Ilazo

Unga umenyonya vizuri, asante fundi. Kivuli nimekisogezea stuli. Mama mkwe kaingia mchana, kitu cha kwanza kaomba stuli aweke miguu.