Ngege (samaki wa tilapia) wa alumini: miiba haijai, na gharama ya Sh 21 inatia shaka

mwalimu_karakana (Kisumu)
Hamjambo wataalamu. Nina vikundi 6 vya wanafunzi wanne wanne. Kila kikundi kinabuni kumbusho la kuuzwa ufukweni Dunga na kwenye maduka ya kyurio (vitu vya ukumbusho) mjini, kinatengeneza sampuli, kisha kinapanga bei ya oda ya vipande 100. Kikundi kimoja kimechagua kishikilia funguo chenye umbo la ngege: urefu mm 50, unene wa mwili mm 4, miiba ya mgongoni mm 1.2. Wanayeyusha makopo ya soda na kumimina kwenye kalibu (umbo tupu la kumiminia) ya mchanga. Kati ya samaki 20 waliomiminwa, 9 tu ndio wazima. Miiba haijai, na mwilini mna vitundu. Gharama waliyoandika ni Sh 21 kwa kipande: alumini 3, pete na mnyororo 10, kadi 8. Wanataka kuuza 150. Tuanze wapi, kwenye mchoro au kwenye mchanga? Na hiyo 21 mnaionaje?

fundi_kalibu
Salaam mwalimu. Mchoro kwanza, lakini kabla ya hapo wekeni makopo kando. Kopo ni jembamba na lina rangi. Likiyeyuka, sehemu kubwa inageuka utando na takataka, na alumini yake haikukusudiwa kumiminwa, inaganda kabla ya kufika pembeni. Tafuteni pistoni kuukuu za injini au rimu za alumini zilizovunjika. Hizo zina silikoni, na silikoni ndiyo inayosaidia alumini kutiririka.

Hata kwa pistoni, mwiba wa mm 1.2 hautajaa. Kwenye mchanga msishuke chini ya mm 3. Pezi lote la mgongoni liwe ukuta mmoja, kisha miiba ichongwe juu yake kama mifereji. Kuta za modeli (samaki wa mfano anayefukiwa mchangani ili aache umbo) zilale kwa digrii 2 hivi, la sivyo modeli ikitolewa itang'oa mchanga. Alumini husinyaa kwa takriban asilimia 1.3 ikipoa, kwa hiyo samaki wa mm 50 anataka modeli ya mm 50.7.

Kuhusu vitundu, kateni samaki mmoja mbovu kwa msumeno, pigeni msasa pale mlipokata, mtazame kwa karibu. Vikiwa vya mviringo, laini, vinang'aa ndani, hiyo ni gesi: mchanga una maji mengi au moto umezidi. Vikiwa na kingo za kukwaruza na vimejikusanya pale mwili unapokutana na mkia, ni alumini iliyosinyaa bila kupata ya kujazia. Hapo mlango wa kumiminia uhamie upande mnene, usiwe mkiani.

Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660. Mimineni kwenye 720 hivi, kwa kipimajoto cha waya cha aina ya K. Mchana rangi yake haikuambii kitu mpaka imeshapita kiasi. Mchanga: bentonaiti (udongo wa kuushikamanisha) asilimia 8 hadi 10, maji 3 hadi 5. Fumbata konzi moja kwa nguvu, ufungue kiganja, uvunje katikati. Ukivunjika kwa kingo kali na alama za vidole zikabaki, uko sawa. Ukimomonyoka ni mkavu; ukikuachia kiganja kibichi, usimimine. Toboeni matundu ya kupumulia kwa spoki ya baiskeli, yaishie sentimita 1 kabla ya modeli.

Na hili wanafunzi wote walisikie: vyuma chakavu, koleo na upawa vipashwe moto vikauke kabisa kabla ya kugusa alumini iliyoyeyuka. Tone moja la maji likizama humo linageuka mvuke ghafla na kuirusha yote usoni. Sakafu ya saruji nayo imwagiwe mchanga mkavu.

hesabu_za_karakana
Hiyo 21 si gharama, ni orodha ya vitu walivyonunua. Haina makaa, dakika, modeli, wala samaki 11 walioharibika.

Tenganisheni gharama za kabla ya ukaguzi, yaani kabla ya kuchambua wazima na wabovu, na za baada. Za kabla hulipwa hata kwa samaki mbovu. Nachukua namba za mfano. Zenu zipimeni kwa saa. Kazi iwe Sh 1.50 kwa dakika. Kabla: alumini 3, makaa 10, kalibu na kumimina dakika 4 ni 6, jumla 19. Wazima wakiwa 9 kati ya 20, gawanyeni kwa 0.45: Sh 42.22 kwa kila mzima. Wakifika 17 kati ya 20 inashuka hadi 22.35.

Baada: tupa na msasa dakika 12 ni 18, kutoboa na kufunga dakika 3 ni 4.50, karatasi ya msasa 3, pete 10, kadi 8. Jumla 43.50. Modeli na ubao wake tuseme Sh 1,800, kwa vipande 100 ni 18.

Kwa hali ya sasa kipande ni karibu Sh 104, mkirekebisha, 84. Duka likichukua asilimia 40 ya 150, mnabaki na 90. Yaani sasa hivi kila samaki anapoteza Sh 14, na baada ya marekebisho anawaachia 6. Kwa njia ya duka, pesa ya modeli inarudi kwenye kipande cha 75. Mkiuza wenyewe Dunga, kwenye cha 22.

Tazameni msasa. Alumini ni Sh 3, kuisugua ni 18! Wakizungusha samaki ndani ya mtungi wa plastiki wenye kokoto ndogo na maji ya sabuni, dakika za mkono zikashuka hadi 5, wanaokoa Sh 10.50.

mwalimu_karakana
Asanteni sana. Lakini wanafunzi hawalipwi. Dakika ziwekwe kweli?

hesabu_za_karakana
Ziwekwe, mwalimu. Mwenye duka akirudi kuagiza 300 wakati wa mitihani, atakayesugua ni kijana wa kulipwa.

mchoraji_kyurio
Nyongeza mbili. Tundu la pete litobolewe kwa drili, lisimiminwe: biti ya mm 4, tone la mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye biti, na alumini ya mm 3 ibaki kati ya tundu na ukingo. Liwe mdomoni, likiwa mkiani, pezi litaning'inia likichana mifuko. Pia kama kuna kikundi kinachotaka kuweka ngao ya taifa au bendera, wazuieni mapema. Sheria, Sura ya 99, inakataza kuzitumia kibiashara bila kibali cha maandishi. Kikundi kinachotafuta umbo lisilosumbua kijaribu Kit Mikayi: mawe yaliyopandana hayana ncha nyembamba, na modeli yake inatoka mchangani bila kung'ang'ana.

fundi_kalibu
Kabla ya kupokea oda, mimineni 20 mfululizo kwa mchanga uleule, bila kubadilisha kitu katikati. Wazima wakiwa chini ya 17, rudini kwenye mlango wa kumiminia kabla ya kugusa bei.