Guangzhou: boksi za wali na nyama za kuchoma, nichukue bata, kuku au char siu?

Mzigo_Kkoo (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niko Guangzhou, keshokutwa tunapakia kontena na nataka kuwaagizia watu chakula cha mchana. Jirani na ghala kuna kibanda cha Wakantoni, kile chenye kioo mbele, bata wananing'inia kwenye ndoano pamoja na vipande virefu vya nyama nyekundu. Wanafunga wali kwenye boksi, nyama juu, mboga pembeni. Kuna bata wa kuchoma, kuku mweupe, kuku wa soya na char siu, ndiyo ile nyekundu. Bei zinapishana yuan chache tu. Mliokula, nishaurini nichukue ipi.

MamaCargo
Mdogo wangu, umeleta swali nusu. Watu wangapi? Wa wapi? Kuna Waislamu? Watakula saa ngapi? Hiyo nyekundu ni kitimoto, na siu yuk, ile yenye ngozi kavu inayolia kama chapati iliyokauka, nayo ni kitimoto. Usije ukamkabidhi mtu boksi bila kumwambia kilichomo.

Kisiki
Bata. Sina mjadala. Lile bata wanalitia viungo tumboni, wanalishona, wanapuliza hewa ngozi iachane na nyama, halafu wanalipaka siki na maltosi (aina ya sukari) na kulitundika likauke kabla ya kuingia jiko. Ngozi inatoka nyembamba na inavunjika mdomoni. Ukiwa pale dirishani mwangalie fundi anavyolipasua: juisi ya tumboni inamwagika, anaikinga kwenye bakuli, na ndiyo anakumwagia kwenye wali. Mwambie akupe na ule mchuzi wa matunda ya plamu, unakata mafuta. Kuku mweupe hana kazi.

Mswahili_wa_Xiaobei
Kisiki kila mada anamleta bata. Char siu ndiyo chakula chenyewe cha kile kibanda. Wanatumia nyama ya shingo au bega, inalala kwenye soya, sukari, viungo 5 na tofu nyekundu iliyochachishwa, kisha inapakwa utamu na kuning'inizwa motoni. Omba kipande chenye nusu mafuta nusu mnofu, zile ncha zilizoungua kidogo ndizo tamu. Halafu haina mifupa. Bata anakatwa na mifupa yake yote, mtu anakula huku anatema, na nyie mna kontena la kupakia.

BintiTanga
Mleta mada jibu kwanza alichouliza MamaCargo. Sisi wengine hilo ndilo swali la kwanza.

Mzigo_Kkoo
Samahanini. Watu ni 6. Waislamu 2, mmoja wa Unguja na mmoja wa Mombasa. Mwingine ni Msabato, nguruwe hali. Watatu waliobaki wanakula chochote. Kwa hiyo nilikuwa nafikiri bata kwa wote, yaishe.

BintiTanga
Haijaisha ndugu yangu. Simama dirishani dakika chache uangalie. Kuna gogo moja la mti, duara, na shoka moja pana la kukatia. Anakata char siu, anapangusa kwa kitambaa kilekile, anakata bata. Mafuta ya nguruwe yako kwenye gogo, kwenye kisu na kwenye glavu. Jikoni pia vinaning'inia pamoja. Na huyo bata amechinjwa na nani? Kuku wa soya naye usidhani amepona, wengi wanamchemsha kwenye mchuzi wenye pombe ya mchele. Kwa hao 2 hakuna kitu cha kununua pale, hata wali, maana mchuzi wa sufuria moja unamwagiwa kila boksi.

Kisiki
Dada, mimi nimekula na Waislamu wengi Guangzhou, bata wanakula bila tatizo.

BintiTanga
Wao wanajua na Mola wao. Huyu anamnunulia mtu mwingine, hana haki ya kumwamulia. Pale mtaa wa Xiaobei na jirani na msikiti wa Xianxian kuna vyakula vya Wahui na Wauighuri, Waislamu wa China, ubao wenye maandishi 清真, yaani halali. Wachukulie hao 2 wali wa kondoo au tambi za kuvutwa kwa mkono. Hazifanani na bata wa Kikantoni, lakini mtu anakula moyo umetulia.

Fundi_Simu
Ngoja niwape kisa ili muangalie MUDA. Kibanda sikitaji. Tulikuwa tunakagua simu, tumechelewa, saa 3 usiku nikaagiza boksi za bata kwa programu ya kuleta chakula. Bei ilikuwa chini nikafurahi. Boksi zimefika, nafungua ya kwanza: shingo, mgongo na ile sehemu ya mkiani. Ya pili hivyohivyo. Paja hakuna hata moja. Ngozi imelowa kabisa, maana boksi la plastiki lilifungwa moto na mvuke wote ukarudi kwenye bata. Mchuzi umeloweka wali mpaka ukawa uji, mboga imekuwa ya kijivu. Nyama yenyewe ilikuwa imekauka, bila shaka ni ya mchana iliyobaki kwenye ndoano. Jamaa mmoja akang'ata kijifupa chenye ncha kikamchoma ufizi, damu. Nikawaandikia wenye kibanda, wakajibu kwamba boksi la bei hiyo halichagui sehemu. Paja lina bei yake, na hawakuwa wameandika hivyo popote nilipoangalia. Watu wamelala na biskuti.
Kwa hiyo: nenda mwenyewe dirishani saa 5 asubuhi wanapotundika mpya, au saa 11 jioni. Onyesha kwa kidole sehemu unayotaka. Mchuzi waweke pembeni kwenye kikopo. Vifuniko viache wazi kidogo njiani.

MamaCargo
Hili la vifuniko ni la kweli kabisa. Na lipia kwa WeChat au Alipay mkiwa mmesimama, mkihesabu boksi.

Nesi_Dodoma
Nani kasema kuku mweupe hana kazi? Kwa joto la Guangzhou na kazi ya kubeba maboksi, kuku mweupe na ile tangawizi iliyopondwa na majani ya kitunguu, chumvi na mafuta ya moto, hakuna kinachomshinda. Ni mwepesi tumboni.

Mswahili_wa_Xiaobei
Mwepesi akiwa mbichi? Mimi nimepewa kuku ana wekundu mfupani. Nikarudisha.

Nesi_Dodoma
Si mbichi. Wanampika kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa nguvu, kisha wanamtumbukiza kwenye maji ya barafu, ndiyo maana ngozi inateleza na kubana. Nyama ikiwa nyeupe na imeshikana ameiva, ule wekundu ni wa uboho ndani ya mfupa. Wenyeji wanautaka hivyo, wanasema ukizidisha moto umemuua mara ya pili. Nyama yenyewe ikiwa na uwazi kama ya samaki mbichi, hapo rudisha, nakuunga mkono.

Mswahili_wa_Xiaobei
Mimi kwetu Bukoba kuku anaiva mpaka mfupa unaachia. Siwezi.

Kisiki
Mkitaka kujua nyama ya kuchoma nendeni Hong Kong mle bata bukini. Bata wa kawaida utamsahau. Wenyeji wa kule wengine wanadai paja la kushoto ni laini kuliko la kulia na wanaliagiza kwa jina.

BintiTanga
Hong Kong angalau sisi tuna pa kula. Soko la Bowrington Road, Wan Chai, ghorofa ya vyakula, kuna kibanda cha Waislamu kinachochoma bata kwa utaratibu wa Kikantoni, halali. Hapo ndipo ungempeleka mtu wako wa Unguja.

Mzigo_Kkoo
Daa, hapo umenigusa. Kontena likishaondoka nina siku za kupumzika. Treni ya kwenda West Kowloon, kituo cha Hong Kong, si ni kama saa moja tu?

MamaCargo
SIMAMA HAPO. Viza yako ya China ni ya kuingia mara ngapi? Ukivuka kwenda Hong Kong umetoka China Bara. Kama ni ya mara moja imekwisha, hurudi Guangzhou, na mabegi yako yako hotelini. Nimeona watu wakilia mpakani.

Mzigo_Kkoo
Sijaangalia. Pasipoti iko kwa wakala. Kwa chakula: bata na char siu kwa wale watatu, kuku mweupe kwa Msabato, wali wa kondoo kwa wale wawili. Au Msabato naye nimwekee kondoo, maana gogo ni lilelile?

Nesi_Dodoma
Muulize mwenyewe.

Kisiki
Ongeza bata mzima pembeni, wataomba.

Fundi_Simu
Na wa viza, mwenye uzoefu wa kuombea ya kuingia mara mbili kutoka Dar mwaka huu aje atueleze, wakala wangu ananizungusha.