Ukibuni kifaa, ramani ugawe bure au ukae nayo? Njooni tubishane

Wadau, niko Dom hapa, kazi yangu kushuti harusi na sendofu. Nimeunda kaboksi ka kuchanganya picha za kamera mbili ukumbini, kana vitufe vinne, viwili nimeving'oa kwenye redio mbovu. Kuna dogo kaniomba ramani ya saketi, washkaji wanasema nikitoa tu nimekwisha, kila ukumbi Area C watakuwa nako. Mi namfikiria Dan Sandin wa Chicago, jamaa alisoma fizikia halafu akahamia kwenye video, kati ya 1971 na 1973 akaunda mtambo wake wa kuchezea picha, unaingiza picha ya kamera unazungusha vitufe rangi zinageuka hapo hapo, na ramani akagawa. Mwenzake Phil Morton akaunda wa kwake kwa ramani ile ile, wakaandika pamoja maelekezo ili na wengine waunde. Je, Sandin alipotea? 1992 huyo huyo na Carolina Cruz-Neira na Tom DeFanti wakaleta CAVE, chumba ambacho kuta zenyewe ndo skrini, unavaa miwani unajiona uko ndani ya picha. Semeni.

FUNDI MAJENGO: Sandin alikuwa mwalimu wa chuo kaka, mshahara ukiingia ugali upo hata boksi lisipouzwa. Wewe ukigawa utakula nini, zabibu?

MWANACHUO UDOM: Tusimsingizie bana, hakugawa kizembe. Maandishi yake yalisema mtu binafsi na taasisi isiyo ya faida wanakili bure, kampuni ya biashara ije kwanza mkubaliane. Na wewe fanya hivyo.

FUNDI MAJENGO: Karatasi Chicago sawa, hapa nani atamfuata mwenye ukumbi? Aende BRELA, wale wa kusajili biashara na uvumbuzi, akaulizie hataza, ile haki ya mbunifu asiigwe bila ruhusa, kabla hajaonesha mtu, maana ukishaanika hadharani kinaweza kisihesabike kipya tena.

MAMA STUDIO: Vitufe vya redio na hataza jamani 😂 mpe mtoto wa watu.

MLETA MADA: Nimerudi. Dogo kaja na daftari, kumbe alishachora kaboksi kangu kwa kukumbuka tu siku ile ya sendofu, na waya wa hasi kaupeleka pale pale nilipoupelekaga mimi nikaunguza kapasita. Nimemsahihishia kwa peni nyekundu. Fundi Majengo usinipigie simu.